Kabla Hujabonyeza Kitufe cha Redio

Wanafunzi wengi wa urubani huweza kutua kwenye upepo wa ubavuni kabla hawajaweza kuzungumza na mnara bila kigugumizi. Mikono huzoea haraka, ulimi huchelewa. Kiingereza si sababu pekee, maana wapo waliokisoma tangu chekechea na bado hubabaika. Redio ya ndege haina faragha. Unalosema linamfikia mwongozaji ndege, linawafikia marubani wote walio kwenye masafa hayo, analisikia mwalimu aliyeketi kando yako, na analisikia pia nahodha wa ndege kubwa anayengoja umalize ili naye aombe kutua. Ulimi unagoma kwa aibu.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeanza, iwe unaruka Cessna 172 ya shule au umeketi kiti cha kulia kwenye Caravan ya watalii. Nitaanza na vifaa kwa sababu ndivyo vilivyo mbele ya macho yako, ila msimamo wangu uufahamu mapema: kazi kubwa ya redio hufanywa na masikio, na kitufe cha kuzungumzia ni kitu cha mwisho kuguswa.

Vifaa

Sauti kati ya ndege na mnara hupita kwenye masafa ya VHF kuanzia megahezi 118 hadi karibu 137. Chini ya hapo, kuanzia 108, ni masafa ya vyombo vya kuongozea njia, ambayo hutayazungumzia. Redio hizi hutumia AM, si FM kama stesheni za muziki, na ipo faida katika hilo. Kwenye FM mawimbi yenye nguvu huyameza manyonge kimya kimya. Kwenye AM, wawili wakibonyeza kwa pamoja, wanaosikiliza hupata mlio mkali wa kuudhi, na angalau wanajua kuna mtu amezungumza na hakusikika.

VHF husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo mlima ukikaa katikati mazungumzo yamekwisha. Kanuni ya haraka ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wako kwa futi, zidisha kwa 1.23, utapata umbali kwa maili za baharini. Ukiwa futi 1,000 juu ya bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja unafikisha maili 39, yaani karibu safari nzima. Ukiwa futi 10,000 unafikisha 123. Kwa hiyo mnara usipokujibu, jiulize kwanza uko juu kiasi gani na kuna nini kati yenu, kabla hujamlaumu fundi.

Ndege ndogo nyingi zina redio mbili, Com 1 na Com 2. Kila moja huonyesha masafa mawili, yanayotumika na yanayosubiri. Unazungusha kitasa kuweka yanayosubiri, unabonyeza kitufe chenye mishale miwili, na hapo yanabadilishana nafasi. Uzuri wake ni kwamba masafa uliyoyaacha hayapotei. Ukihamia mapya ukaita usijibiwe, unabonyeza tena na umerudi kwa mtu aliyekutuma, umwombe akurudie namba. Weka masafa yajayo ungali na nafasi, si wakati mwongozaji amekwisha kukuambia uhame. Na ujue kwamba redio za zamani huonyesha tarakimu mbili tu baada ya nukta: ukiona 118.02, maana yake ni 118.025.

Kuna kitasa au kitufe cha skwelchi, kinachozuia mkwaruzo usio na sauti ya mtu usikufikie. Kwenye King KX 155, ambayo bado imejaa kwenye ndege za shule, unakivuta kitasa cha sauti ili skwelchi ifunguke. Kwenye Garmin GNS 430 unakibonyeza. Mkwaruzo utakaousikia ndio kipimo chako. Rekebisha sauti mpaka ikae vizuri masikioni, kisha urudishe skwelchi. Asiyefanya hivi anaweza kuzunguka robo saa akidhani masafa yametulia, kumbe sauti ameishusha hadi sifuri.

Paneli ya sauti ndiyo inayowachanganya wengi. Ina sehemu mbili za kuchagua: redio utakayoisikiliza, na redio utakayoizungumzia. Unaweza kabisa kuisikiliza Com 2 huku maneno yako yakitoka Com 1, ukajibu swali la mnara mmoja kwenye masafa ya mwingine. Kabla ya kila mwito, macho yapite sehemu tatu: namba ya masafa, paneli ya sauti, kitasa cha sauti. Hilo halichukui sekunde mbili.

Hedseti ina plagi mbili zisizolingana, nene ya kusikilizia na nyembamba ya kipaza sauti. Zisukume mpaka mwisho. Plagi iliyolegea imewahi kupelekwa kwa mafundi ikiitwa redio mbovu mara zisizohesabika. Kipaza sauti kikae karibu kabisa na midomo, kisizidi upana wa kidole. Kimeundwa kupuuza kelele za mbali, na sauti yako ikitoka mbali nayo huhesabiwa kelele.

Sikiliza, tunga, ndipo ubonyeze

Ukihamia masafa mapya, nyamaza kwanza. Huenda mwongozaji amemuuliza mtu swali na jibu liko njiani. Ukiingia katikati umewakata wote wawili. Masafa ni kama kisima chenye kata moja: anayechota ni mmoja, wengine hungoja. Hata hivyo kungoja huku si kupoteza muda. Katika nusu dakika ya kusikiliza utajua ni njia ipi ya kurukia inayotumika, mgandamizo wa hewa wa kuweka kwenye altimita ni upi, nani yuko mbele yako na nani anakuja nyuma. Rubani mzuri hufika kwenye zamu yake akiwa tayari na picha ya uwanja mzima kichwani, na mara nyingi nusu ya maswali aliyotaka kuuliza yamekwisha kujibiwa.

Kisha tunga sentensi yako kabla ya kidole kusogea. Ina mambo manne: unamwita nani, wewe ni nani, uko wapi na urefu gani, unataka nini. Yaandike pajani kama bado ni mgeni wa kazi hii. Hakuna atakayekucheka, maana hakuna anayeona. Tuseme unatoka Dar, uko maili 15 kusini mwa uwanja wa Zanzibar, futi 2,500, na ndege yako imesajiliwa 5H-ABC. Utasema: "Zanzibar Tower, Five Hotel Alfa Bravo Charlie, Cessna 172, one five miles south, two thousand five hundred feet, inbound for landing." Basi. Habari za hali ya hewa uliyoikuta Kigamboni, na kwamba hii ni safari yako ya kwanza peke yako, zisubiri. Au tuseme hii ya pili inaweza kutajwa: ukisema "student pilot" waongozaji wengi hupunguza kasi ya maneno na kukupa nafasi, na hakuna fedheha yoyote ndani yake.

Bonyeza, vuta nusu ya pumzi, ndipo uanze. Anayeanza kusema pamoja na kubonyeza hukatwa silabi ya kwanza, na silabi ya kwanza ndiyo yenye jina la unayemwita. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linashauri kasi isiyozidi maneno 100 kwa dakika. Hiyo ni kasi ya mtu mtulivu. Nawajua marubani wanaodhani kusema haraka ni dalili ya uzoefu. Wao ndio wanaoombwa kurudia. Ukimaliza, achia kitufe na uhakikishe kimeachia kweli. Redio nyingi huonyesha alama ndogo ya herufi T au TX unapotuma. Alama hiyo ikibaki umenyamaza, kitufe kimekwama, na umewafungia wote masafa huku wakisikiliza mazungumzo yako na abiria.

Herufi husomwa kwa alfabeti ya ICAO iliyoanza kutumika mwaka 1956: Alfa, Bravo, Charlie, hadi Zulu. Namba husomwa tarakimu moja moja, isipokuwa mamia na maelfu kamili ya urefu. Tisa husemwa "niner", tano "fife", na tatu "tree" bila kuuma ulimi. Jina la ndege yako lisifupishwe mpaka mwongozaji alifupishe kwanza. Akikuita "Five Bravo Charlie", nawe jiite hivyo. Ukijifupisha mwenyewe, huenda kuna 5H-KBC kwenye masafa hayohayo, na ruhusa yake ikaangukia masikioni mwako.

Kurudia ulichoambiwa

Tarehe 19 Februari 1989, Boeing 747 ya mizigo ya Flying Tiger ilikuwa ikikaribia Kuala Lumpur. Mwongozaji aliwapa ruhusa ya kushuka hadi futi 2,400, akazisoma tarakimu: "two four zero zero". Ile "two" ya mwanzo ikasikika chomboni kama "to", yaani "shukeni hadi 400". Jibu lililorudi lilitaja "four zero zero" tu, na hakuna aliyelisahihisha. Ndege iligonga kilima, na wote wanne waliokuwemo wakafa.

Somo liko pande zote mbili. Kurudia maagizo si adabu ya mazungumzo, ni nafasi ya mwisho ya kunasa kosa, na haifai kitu kama upande wa pili hausikilizi. Kwa hiyo rudia kwa ukamilifu kila ruhusa ya kuingia, kuvuka, kusubiria, kuruka au kutua kwenye njia ya kurukia. Rudia urefu, mwelekeo, mgandamizo wa altimita, namba ya transiponda na masafa mapya, pamoja na jina lako. Upepo na taarifa za ndege nyingine hazihitaji kurudiwa. Na namba ikikushangaza, mathalani futi 400 mahali penye vilima, usiirudie tu kwa unyenyekevu. Sema "confirm" uulize. "Say again" ni maneno mawili yasiyogharimu kitu, lakini wanafunzi huyaogopa kuliko mawingu ya mvua.

Ujue pia "roger" ni nini. Ni kusema nimekusikia, si ndiyo wala nitafanya. Ndiyo ni "affirm", hapana ni "negative", nitatekeleza ni "wilco". Ukiulizwa kama umeondoka kwenye njia ya kurukia ukajibu "roger", hujajibu kitu.

Neno "take-off" lina historia nzito. Huko Tenerife, visiwa vya Kanari, tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia ndani ya ukungu. Rubani wa KLM alisema maneno yaliyoweza kueleweka kwamba yuko tayari kuruka au kwamba anaruka. Mnara ulipomwambia asubiri, Pan Am nao walikuwa wakisema kwamba bado wako njiani. Sauti mbili zikagongana, na chumba cha KLM kikapata sehemu tu ya maneno pamoja na ule mlio niliokueleza. Watu 583 walikufa. Tangu hapo "take-off" hutamkwa tu wakati ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Ukiwa tayari, sema "ready for departure". Siku utakapolisikia lile neno lenyewe, liwe ni lako kweli.

Na Kiswahili? Utasikia "asante" na "kwaheri" kwenye masafa ya Afrika Mashariki, hasa asubuhi za utulivu, na binafsi zinanipendeza. Ila zisivuke salamu. ICAO inaruhusu lugha ya kituo cha ardhini, lakini Mwethiopia na Mholanzi walio nyuma yako hujenga picha yao ya anga kutokana na maneno yako. Ukiomba kugeuka kushoto kwa Kiswahili, kwao hujageuka. Ndiyo maana tangu mwaka 2008 marubani wa safari za kimataifa wanatakiwa kufikia angalau daraja la nne la Kiingereza cha ICAO, na wa daraja hilo hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu.

Kiwanja kisicho na mnara

Seronera, Keekorok na viwanja vingi vya mbugani havina mtu wa kukupa ruhusa. Hapo redio inabadilika tabia: unazungumza na wenzako moja kwa moja, bila kujua kama wapo. Masafa ya eneo yatafute kwenye kitabu cha taarifa za anga cha nchi husika, yaani AIP, na uwaulize marubani wanaoruka huko kila siku kabla hujaondoka.

Anza kutangaza ungali mbali, maili kumi au zaidi. Taja jina la kiwanja mwanzoni na ulirudie mwishoni, kwa sababu viwanja kadhaa huweza kutumia masafa yaleyale, na anayeshika nusu ya pili ya maneno yako atataka kujua unazungumzia wapi. Taja aina ya ndege, upande unaotokea, umbali, urefu, na dakika utakayofika. Tangaza tena ukiingia kwenye mzunguko wa uwanja, ukigeukia mstari wa mwisho, na ukishaiacha njia. Unapita chini kwanza kufukuza pundamilia? Sema. Aliye nyuma yako akikuona umeshuka atadhani unatua, kumbe unapanda tena usoni pake.

Nina malalamiko kwa wenyeji wa mbugani. "Niko juu ya kambi" ni taarifa kamili kwa watu watano tu duniani. Mgeni haijui kambi hiyo, na mgeni ndiye anayehitaji zaidi kujua ulipo. Tumia mto unaoonekana kwenye ramani, au dira na maili.

Ukimya haumaanishi uko peke yako. Huenda mwenzako yuko kwenye masafa mengine, au redio yake imekufa. Macho yabaki nje. Kwa ndege za juu zinazokatiza anga kubwa za Afrika ambako mawasiliano na vituo vya ardhini ni ya kubahatisha, marubani hutangaziana nafasi zao kwa utaratibu huohuo kwenye 126.9. Redio ya HF, ya kuvuka bahari na misitu, ina mkwaruzo na desturi zake, na huna haja nayo kwenye Cessna ya shule.

Redio ikinyamaza

Kwanza ruka ndege. Hakuna aliyewahi kuanguka kwa sababu ya ukimya peke yake, lakini wapo walioinamia vitasa hadi mabawa yakainama nao. Ndege ikishatulia, rudi kwenye vile vitu vitatu: masafa, paneli, sauti. Sukuma plagi. Fungua skwelchi, mkwaruzo ukisikika, sehemu ya kupokelea ina uhai. Jaribu Com 2, jaribu masafa ya awali, angalia fyuzi. Tatizo likibaki, weka 7600 kwenye transiponda, na uendelee kutangaza nia yako ukitanguliza "transmitting blind", kwani pengine wanakusikia na wewe ndiye usiyesikia.

Baki kwenye hali nzuri ya hewa, nenda uwanja ulio karibu unaofaa, na utazame mnara. Taa ya kijani isiyokatika ni ruhusa ya kutua. Nyekundu isiyokatika, wapishe wengine uendelee kuzunguka. Kijani ya kumetameta, rudi ili utue. Nyekundu ya kumetameta, uwanja si salama, usitue. Wakati wa mchana jibu kwa kutikisa mabawa. Watu huzikariri taa hizi kwa ajili ya mtihani na kuzisahau wiki inayofuata, kwa hiyo kikadi kidogo pembeni ya ramani kinafaa.

Hatari ikiwa ya kweli, iite kwa jina lake. Januari 1990 ndege ya Avianca iliishiwa mafuta karibu na New York baada ya kuzungushwa angani muda mrefu. Marubani walikuwa wameomba kipaumbele na kutaja kwamba mafuta yanaisha, lakini neno la dharura hawakulitamka, na watu 73 walikufa. Tamka "Mayday" mara tatu, ukiwa kwenye masafa uliyopo tayari, au masafa ya dharura, 121.5, kama hakuna anayejibu. Kwenye GNS 430 kushikilia kitufe cha kubadilishana masafa kwa sekunde mbili hukuletea 121.5 bila kuitafuta. Kisha jina lako, aina ya ndege, tatizo, unalokusudia, mahali, urefu, na idadi ya waliomo. Kama jambo ni zito lakini maisha hayako hatarini papo hapo, sema "Pan-pan" mara tatu. Transiponda iwekwe 7700. Adabu za Kiswahili, za kutotaka kumsumbua mkubwa, ziache nje ya mlango wa ndege siku hiyo.

Ukishaegesha, bado kuna hatua moja. Kabla hujazima, weka 121.5 usikilize sekunde chache. Ukisikia mlio unaoshuka na kujirudia bila kukoma, huenda kutua kwako kumeamsha mtambo wa dharura wa ndege yako. Uzime na uwaarifu mnara kabla hawajaanza kukutafuta. Kukiwa kimya, zima swichi ya redio na vyombo vyake kwanza, injini baadaye.